Anayechukiwa na nusu ya nchi, anaweza kuwa rais?

SWALI: "Mimi ni mfanyabiashara wa machungwa. Natoa mzigo Muheza napeleka Mombasa kupitia Horohoro, na dada yangu ameolewa Likoni. Tangu Ramadhani mimi na shemeji tunabishana kuhusu mgombea mmoja wa urais wa kwao, mtu ambaye nusu ya Wakenya wakimsikia redioni wanazima redio, na nusu nyingine wako tayari kumbeba mabegani. Mimi nasema mtu wa namna hiyo hawezi kushinda, kwa sababu rais lazima akubalike. Shemeji anasema anaweza, akanitolea mfano wa Trump. Tumewekeana beberu. Sasa imefika mahali hatupigiani simu, na dada yuko katikati. Tena kuna biashara: uchaguzi wao ni Agosti 2027, machungwa yanakuwa yapo, na mzigo wangu mwingi huenda kwa mkopo. Nani mkweli kati yetu, na mzigo nifanyeje?"

JIBU: Ndugu yangu, umeuliza siasa, undugu na machungwa kwa pumzi moja. Nitaanza na siasa maana ndiyo iliyowavuruga, ila usiache kusoma kabla ya kufika kwenye machungwa, kwani pesa yako iko huko.

Shemeji yako amesema kweli kwa jumla: anaweza. Lakini mfano aliokupa umetoka nchi yenye kanuni tofauti kabisa na za kwao. Na hoja yako, kwamba rais lazima akubalike, ina nguvu zaidi Mombasa kuliko hapa Tanga unapoisemea. Yaani kila mmoja wenu amebeba hoja ya nyumba ya mwenzake, na ndiyo maana hamwelewani.

Karatasi ya kura, ukiitazama vizuri, ina ubahili wake. Inakupa nafasi ya kutia alama ya vema kwa unayemtaka. Haikupi nafasi ya kumpiga msalaba usiyemtaka. Anayempenda mgombea hadi kumpa mwanawe jina lake ana kura moja. Anayemchukia hadi kukosa usingizi ana kura moja vilevile, lakini huyu wa pili hawezi kuitumia kumpunguzia adui yake hata nukta. Anachoweza ni kuipeleka kwa mtu mwingine. Kama huyo mwingine ni mmoja, chuki yote inakusanyika mahali pamoja. Kama wengine ni wanne, inamwagika njiani kama mchele wa gunia lililotoboka. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mgombea anachukiwa kiasi gani, uliza sheria ya nchi hiyo inaipa chuki mlango wa kupitia au haiipi.

Juzi jioni nilikuwa barazani Ngamiani, kahawa na kashata mbele yetu, na ubishi kama wenu umepamba moto. Palikuwa na ubao wa bao umepumzika. Nikaomba kete 21. Tuseme, nikawaambia, kijiwe hiki kina watu 21 na kinachagua mwenyekiti. Nikatia kete 9 shimo la kwanza: hawa wanamtaka yule mkali, na hawasikii la mtu. Kete 7 shimo la pili, kete 5 shimo la tatu. Hawa 12 wa mashimo mawili hawamtaki mkali hata kwa dawa. Nani kashinda?

Mzee mmoja, ambaye siku hizi hachezi tena bali anasahihisha wachezaji, akajibu, "Mwenye tisa. Hilo nalo la kuuliza?"

Naam. Watu 12 kati ya 21 hawamtaki, na amekalia kiti. Sasa tubadilishe sheria, nikasema: mshindi lazima apate zaidi ya nusu, yaani 11 au zaidi, la sivyo wawili wa juu warudiane. Nikazichota zile tano za shimo la tatu nikazimimina la pili. Kumi na mbili kwa tisa. Mkali chini. Hakuongezeka mtu hata mmoja na hakuna aliyebadili moyo, ila mwenyekiti ni mwingine.

Nilidhani somo limekwisha. Mzee akanyoosha mkono, akachukua kete nne katika zile tano nilizozihamisha, akazitia mfuko wa kanzu. "Hawa wamebaki kwao," akasema. "Huyo wa pili naye hawampendi." Tukahesabu: nane kwa tisa. Mkali karudi kitini. Kete zenyewe alizirudisha kwa kuombwa, lakini alikuwa amefika mahali ambapo mimi nilikuwa sijafika.

Ukiyashika hayo mashimo na mfuko mmoja, dunia yote ya chaguzi za urais utaielewa. Anza na shimo la kwanza, yaani sheria ya mwenye nyingi ndiye mshindi. Hiyo ndiyo sheria yetu. Mwaka 1995 mgombea wa urais Tanzania alihitaji zaidi ya nusu ya kura halali, na Mkapa alipata karibu asilimia 62. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 yakaondoa sharti hilo, na tangu hapo anayepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye rais hata kama hazifiki nusu. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Warioba ilipendekeza kurudisha zaidi ya nusu, lakini rasimu ile haikufika kuwa Katiba. Majirani wa Zambia waliionja sheria kama hii mwaka 2001: wagombea walikuwa wengi, na Mwanawasa akaingia Ikulu kwa asilimia 29 tu. Na shemeji yako, kama umri wake unaruhusu, anakumbuka ya kwao ya 1992. Moi alikuwa amechosha wengi, ila wapinzani wake wakuu walikuwa watatu, Matiba, Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga, na hakuna aliyetaka kumpisha mwenzake. Moi akapita kwa asilimia 36 hivi. Karibu watu wawili kati ya kila watatu waliopiga kura walimkataa, na kukataa kwao hakukumpunguzia kitu.

Uchaguzi wetu wa Oktoba 2025 siutumii kama mfano. CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, hakikuwemo kwenye karatasi ya urais, na mtu akikosekana kwenye karatasi hesabu hizi za kupendwa na kuchukiwa hazina pa kushika. Zinafaa pale tu ambapo wanaotaka kushindana wameachwa washindane na kura zikahesabiwa zilivyo. Ukiwa na shaka na hilo, weka kete zako pembeni.

Shimo la pili ni la duru ya pili, na hapo chuki hupata mlango. Mfano unaopendwa na walimu wa somo hili ni Ufaransa ya 2002. Jean-Marie Le Pen, mtu aliyegawa nchi ile vipande viwili, alipata karibu asilimia 17 duru ya kwanza, na kwa sababu mrengo wa kushoto ulijigawa mno, akaingia duru ya pili na Rais Chirac. Huko akapata chini kidogo ya asilimia 18. Chirac alizoa zaidi ya 82, na wengi waliompa hawakuwa wakimpenda hata kidogo. Hiyo ndiyo tunayoiita dari: mgombea ana watu wake, hawamwachi, lakini hapati mwingine juu yao. Kule Peru, Keiko Fujimori alifika duru ya pili mwaka 2011, 2016 na 2021, akashindwa mara zote tatu, mbili za mwisho kwa pengo la kura zisizofika 50,000 katika nchi yenye wapiga kura mamilioni. Jina la baba yake, rais wa zamani Alberto Fujimori, lilimpa sakafu imara, likampa na dari.

Ila dari si zege. Binti wa Le Pen, Marine, alipata karibu asilimia 34 duru ya pili ya 2017, na zaidi ya 41 mwaka 2022. Watu huzoea. Jina lililowatisha wazazi haliwatishi watoto.

Mfano wangu mimi ni Malawi, maana pale nchi moja ilicheza mashimo yote mawili ndani ya miezi 13. Mei 2019 Rais Peter Mutharika alitangazwa mshindi kwa asilimia 38 na ushei, na wapinzani wake, Chakwera 35, Chilima 20. Februari 2020 mahakama ikaufuta uchaguzi ule kwa kasoro zake, na ikasema mshindi ni lazima apate zaidi ya nusu. Chakwera na Chilima wakaungana. Juni 2020 Mutharika akabaki chini ya asilimia 40, karibu pale pale alipokuwa, na Chakwera akashinda kwa karibu 59. Ni zile kete tano kumiminwa shimo la pili. Na ili usidhani sheria ni kila kitu: mwaka 2025, chini ya sharti lile lile la zaidi ya nusu, Mutharika alirudi na kushinda kwa zaidi ya asilimia 56. Maisha yalikuwa magumu, na waliompigia Chakwera walikuwa wamemchoka.

Sasa mfuko wa kanzu ya mzee, na hapo ndipo Trump anapoingia. Mwaka 2016 wagombea wote wawili wa Marekani walikuwa wamechukiwa kuliko kawaida ya kule. Hillary Clinton alipata kura karibu milioni 66, Trump karibu milioni 63. Trump ndiye akaapishwa, kwa sababu kule rais huchaguliwa kwa kura za wajumbe wa majimbo, ziko 538, na karibu kila jimbo humpa anayeongoza kura zake zote. Michigan, Wisconsin na Pennsylvania zilimpa ushindi kwa tofauti isiyofika kura 80,000 ukizijumlisha zote tatu. Waliohojiwa wakitoka vituoni, wale waliosema hawampendi yeyote kati ya wawili wale wengi walimwangukia Trump. Wengine hawakutoka kabisa.

Kisha 2020. Trump yule yule aliongeza kura zake hadi milioni 74, na akashindwa. Waliompenda walitoka, na safari hii waliomchukia nao walitoka, wakampa Biden milioni 81. Miaka minne baadaye, 2024, akarudi akashinda, na mara hii hata kwa jumla ya kura za wananchi, karibu asilimia 49.8 kwa 48.3. Je, alikuwa ameacha kuchukiwa? La. Mpinzani alibadilika, bei za vitu zilikuwa zimepanda, na chama kilichokuwa madarakani ndicho kilichobeba lawama. Shemeji yako akikutajia Trump, mwambie mtu huyo ameshinda mara mbili na kushindwa mara moja akiwa mgawanyaji vilevile zote tatu. Kwa hiyo kugawa watu peke yake hakukwambii mshindi.

Kuna kosa dogo katika maneno yako linalobeba hoja nzima. Umesema nusu wanamchukia na nusu wako tayari kumbeba. Ndugu yangu, mtu aliyebebwa mabegani na nusu ya nchi yuko kizingitini Ikulu kwa sheria ya nchi yoyote. Asiyeweza kushinda duru ya pili ni yule anayechukiwa na watu sita au saba kati ya kumi. Nusu ya kuchukiwa haizuii kitu, tena mara nyingi inakuja na faida: wanaompenda huamka alfajiri kupanga foleni, na kwa mgombea baridi, yule ambaye kila mtu anasema "si mbaya", watu huamka saa nne na kukuta jua limekuwa kali.

Sasa tuvuke Horohoro. Katiba ya Kenya ya 2010 inataka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na tena asilimia 25 au zaidi katika kaunti zaidi ya nusu, yaani 24 kati ya 47. Akikosekana wa kufikisha, wawili wa juu wanarudiana ndani ya siku 30. Hilo sharti la pili ni la busara. Halimtaki mgombea apendwe kila mahali. Linamtaka asikataliwe kabisa nje ya kwao. Mtu anayeliwa nyama mbichi kila mahali isipokuwa eneo lake ataliona geti hilo. Hapa hoja yako ya kukubalika ina sheria nyuma yake.

Lakini geti si ukuta. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta aligombea akiwa na kesi kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague, nchi imegawanyika juu yake, na akapita duru ya kwanza kwa asilimia 50.07. Mwaka 2022 Ruto alipita kwa 50.49, Raila akiwa na 48.85. Mpaka uchaguzi huo wa 2022 Kenya ilikuwa haijawahi kurudia kwa duru ya pili ya urais, ingawa sheria ipo. Kwa nini? Kwa sababu makubaliano hufanywa kabla ya kupiga kura, si baada. Viongozi wa maeneo huungana mapema na kila mmoja huja na kapu lake. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mgombea wenu atashinda, acha kupima hasira za watu wa Likoni. Tazama nani amekaa naye meza moja, na waliobaki wamegawanyika vipande vingapi. Tazama pia mpinzani wake naye anachukiwa kiasi gani, maana mpiga kura hachagui kati ya mtu na malaika.

Na tafadhali usihesabu nyomi. Sisi watu wa Tanga tumeona uwanja wa Tangamano ukijaa hadi vijana wanapanda miti. Mwaka 2015 mikutano ya Lowassa ilijaa nchi nzima. Kwa matokeo ya Tume alipata karibu asilimia 40, Magufuli 58. Mkutano unakuonyesha wanaompenda tu. Wasiompenda hawajapanda daladala kuja kukuonyesha kwamba hawapo. Ukikutana na kura za maoni, tafuta swali la "nani hutampigia kamwe". Huwa halipewi kichwa cha habari, lakini likizidi nusu, mgombea huyo ana kazi ngumu katika nchi ya shemeji yako, na si lazima awe nayo katika yako.

Kwa hiyo nani kashinda dau? Wewe ulisema hawezi, na neno hilo nisingelitetea popote. Shemeji alisema anaweza, na kuweza si kushinda. Tena mnajua wenyewe dini inasemaje kuhusu kuwekeana mali. Livunjeni.

Machungwa. Hapa nataka unisikilize vizuri, maana mgombea anayegawa watu huleta matokeo ya karibukaribu, na matokeo ya karibukaribu huchukua muda. Kwa sheria ya Kenya, Tume ina siku saba za kutangaza urais. Asiyeridhika ana siku saba za kwenda Mahakama ya Juu, na Mahakama ina siku 14 za kuamua. Ikifuta, uchaguzi mpya ndani ya siku 60. Mwaka 2022 walipiga kura tarehe 9 Agosti, rais akaapishwa 13 Septemba. Mwaka 2017 walipiga kura tarehe 8 Agosti, Mahakama ikafuta tarehe 1 Septemba, wakarudia 26 Oktoba, na kiapo kikawa 28 Novemba. Kati ya wiki tano na karibu miezi minne, basi, na chungwa halisubiri muda wote huo.

Sikwambii usimamishe biashara. Siku nyingi katika hizo soko hufunguliwa na watu hula. Lakini mkopo ni jambo lingine. Ningekuwa wewe, mwisho wa Julai ningekuwa nimekusanya madeni ya Mombasa, na kuanzia wiki ya kura ningepeleka mizigo midogo, pesa mkononi. Tafuta na mnunuzi wa akiba upande huu, Tanga mjini, Moshi au Dar es Salaam, hata kwa bei ya chini kidogo. Kuhusu hati, muda wa mpaka na bima ya mzigo, usitegemee jibu langu wala la dereva: nenda ukae ana kwa ana na wakala wako wa forodha pale Horohoro mwezi mmoja kabla. Na kama mkataba wako wa mkopo ni wa maneno tu, pitia kwa wakili uuandike kabla ya msimu, si baada ya mtu kukata simu.

La dada yako halina mtaalamu. Ubishi wa siasa kwenye sauti za WhatsApp hukua kwa sababu kila mmoja anasikiliza sauti ya mwenzake mara tatu na kila mara anaona tusi jipya. Panda basi uende Likoni. Mkifika mahali pa vitisho, au dada akikwambia haishi kwa amani mle ndani kwa sababu ya maneno haya, hapo usiende peke yako: nenda na mzee wa ukoo anayeheshimiwa na pande zote mbili. Kama ni ubishi tu, chukua gunia la machungwa, na ubao wa bao kama unao. Kete 21 zinatosha. Mwonyeshe shemeji shimo la kwanza na la pili, halafu mwachie yeye atie mkono mfukoni.